Barua ya wazi kwa wakuu wa Juba: atakayeshindwa ataishi wapi?

Kwa Mheshimiwa Rais Salva Kiir Mayardit, Makamu wa Rais na wakuu wote wa Serikali ya Mpito ya Umoja wa Kitaifa, Sudan Kusini.

Nakala: wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, IGAD na Umoja wa Afrika.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nijieleze kwanza, maana mtauliza Mkenya wa Eldoret anatafuta nini katika mambo ya Juba. Mimi ni mfanyabiashara wa jumla. Unga, mafuta ya kupikia na sabuni zangu hupita Malaba, zikakata Gulu hadi Elegu, zikavuka mpaka pale Nimule na kumalizia zile kilomita 192 za lami hadi mjini kwenu. Dereva akikwama njiani usiku, nami huku sipati usingizi. Mtaani kwangu familia za Sudan Kusini ni majirani, watoto wao na wetu wanasoma darasa moja. Tangu 2016 ninyi ni wenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wewe mwenyewe, Mheshimiwa Rais, ulikalia kiti cha uenyekiti wa wakuu wa nchi zetu kuanzia Novemba 2023. Basi nisamehewe nikisema kama mtu wa nyumbani.

Nataka tuzungumze juu ya uchaguzi uliopangwa Desemba 22, 2026.

Sitauliza kama utafanyika. Swali hilo limeulizwa mpaka limechosha. Ulipaswa kufanyika 2015, vita vikauzuia na Bunge likasogeza muda hadi 2018. Ilipofika 2018 muda ukasogezwa tena hadi 2021. Mkataba mpya wa amani uliotiwa sahihi Addis Ababa Septemba 2018 ukafuta hesabu hiyo na kuanza nyingine: serikali ya mpito ilipoundwa hatimaye Februari 2020, ilitakiwa iwe imewapeleka watu kwenye kura kufikia mwisho wa 2022. Agosti 2022 mkajiongezea miezi 24, kura ikawa ya Desemba 2024. Septemba 2024 mkajiongezea miezi mingine 24. Mtoto aliyezaliwa siku bendera ilipopandishwa, Julai 9, 2011, sasa ni kijana wa sekondari, na tangu azaliwe wazazi wake hawajawahi kupiga kura ya kumchagua rais, gavana wala mbunge.

Kila mara mlipoahirisha mlitoa sababu zilezile: pesa hakuna, sensa haijafanyika, katiba haijaandikwa, majeshi hayajaunganishwa. Sizipuuzi. Ila kuna sababu moja ambayo sijawahi kuiona katika tangazo lolote la Juba, na kwa maoni yangu ndiyo iliyozaa hizo nyingine: hakuna hata mmoja kati yenu anayejua atalala wapi usiku ule atakaotangazwa kuwa ameshindwa.

Turudi Aprili 2010, mara ya mwisho watu wa kusini kuchagua viongozi. Jenerali George Athor aligombea ugavana wa Jonglei kama mgombea binafsi, akashindwa na Kuol Manyang Juuk. Kabla mwezi haujaisha alikuwa msituni na bunduki, na Desemba 2011 akauawa. David Yau Yau aligombea kiti cha Bunge la jimbo hilohilo, naye akashindwa, naye akaingia msituni. Huyu hakufa. Alisamehewe na kupewa cheo cha jenerali, akaasi tena 2012, na makubaliano ya 2014 yakamfanya mkuu wa utawala mpya wa eneo la Pibor. Mtu aliyekosa kiti cha mbunge wa jimbo akaishia kupewa eneo zima. Kijana wa Jonglei aliyeyaona hayo yote mawili alijifunza nini kuhusu sanduku la kura? Alijifunza kwamba kushindwa ni mwanzo wa mazungumzo ya bei, na bei hiyo huhesabiwa kwa idadi ya bunduki.

Haki ni kusema pia kwamba wapo walioshindwa mwaka huo wasishike silaha. Dkt. Lam Akol alikupinga wewe mwenyewe, Mheshimiwa Rais, akashindwa vibaya, na akaendelea kuwa mwanasiasa. Mama Angelina Teny alisema hadharani kwamba aliporwa ugavana wa jimbo la Unity. Kwa hiyo jambo hili linawezekana kwenu. Shida ni kwamba waliolifanya hawakupata faida yoyote, na waliofanya kinyume walipata.

Hata vita vya 2013 tukivitazama vizuri vilianzia hapohapo. Dkt. Riek Machar alitangaza kwamba angetaka uenyekiti wa chama tawala, SPLM, maana yake tiketi ya urais ya 2015. Julai 2013 akafutwa kazi ya umakamu wa rais. Desemba 15 mwaka huo risasi zikalia Juba. Kura yenyewe haikuwa imepigwa, hata kura ya ndani ya chama. Utafiti uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba karibu watu 383,000 walikufa kutokana na vita hivyo. Aliporudi Aprili 2016 kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, kufikia Julai alikuwa anatembea kwa miguu porini kuelekea Congo, na kiti chake kikapewa mwingine. Ninawauliza kwa heshima: nani kati yenu, akiyakumbuka hayo, angekubali kushindwa akiwa Juba?

Ndiyo maana mpangilio wa sasa umekaa ulivyokaa. Rais mmoja na makamu watano. Bunge la watu 550, wote wa kuteuliwa, waliogawanywa kama mirathi: 332 wa upande wa serikali, 128 wa SPLM-IO ya Dkt. Machar, 50 wa SSOA, ule muungano wa makundi mengine ya upinzani, 30 wa vyama vingine na 10 wa wale wanasiasa waliowahi kuwekwa kizuizini vita vilipoanza. Kila aliyekuwa na uwezo wa kuharibu alitafutiwa kiti. Mpango huo ulinyamazisha bunduki kwa muda, siubezi. Lakini siku ya uchaguzi sehemu kubwa ya hao 550 watapoteza kiti, gari na walinzi kwa mpigo mmoja, na hakuna karatasi inayosema watakwenda wapi. Halafu watu haohao ndio mnaowategemea kupitisha sheria na bajeti za kuharakisha uchaguzi! Tungeshangaa vipi wakichelewa?

Aliyekula chakula cha jioni katika hoteli yoyote ya Juba anajua ninachosema. Taarifa ya habari ya SSBC, televisheni ya taifa, ikifika kwenye amri za rais, vijiko vinatua. Mtu mzima aliyevaa suti, anayekula samaki na wenzake, anageuza kiti kutazama televisheni, maana huenda usiku huohuo akasikia kwamba si waziri tena. Mwaka 2025 peke yake tuliona makamu wa rais akiteuliwa Februari na kufutwa Novemba. Mawaziri wa fedha sasa wafanyabiashara hatuhangaiki hata kukariri majina yao. Katika nchi ambayo kazi hupatikana na kupotea kwa tangazo la saa mbili usiku, uchaguzi nao unaonekana kama tangazo lingine tu, ila hili mtu hawezi kuliombea msamaha.

Mwenzenu wa karibu aliyepita njia hii ni Congo. Wao walikuwa na rais mmoja na makamu wanne, kuanzia 2003: Kabila juu, na chini yake Bemba, Ruberwa, Yerodia na Z'Ahidi Ngoma, wawili wa kwanza wakiwa wametoka msituni na majeshi yao. Watu walicheka mfumo ule kama mnavyochekwa ninyi. Hata hivyo Desemba 2005 katiba ilipigiwa kura ya maoni, na Julai 30, 2006 wananchi wakapiga kura za rais na wabunge. Sensa hawakuwa nayo. Ya mwisho kufanyika Congo ni ya 1984. Walichofanya ni kuandikisha wapiga kura, zaidi ya milioni 25, katika nchi isiyo na barabara kama yenu. Ile kadi ya mpiga kura ikawa ndiyo kitambulisho cha Mkongomani benki, kituo cha polisi na kila mahali. Mama muuza ndizi alipanga foleni akijua hata kura ikiharibika, kadi itamfaa.

Kwa hiyo mliposema Desemba 2025 kwamba mnataka kutenganisha uchaguzi na sensa pamoja na katiba ya kudumu, nusu ya hoja naikubali. Sensa inaweza kusubiri. Ya mwisho kwenu ni ya 2008, kabla ya uhuru, na matokeo yake yalibishaniwa hata wakati ule. Mkiingoja mpya mtangoja hadi wajukuu. Lakini katiba ni jambo lingine kabisa. Katiba ndiyo mahali pekee pa kuandika aliyeshindwa anapata nini: anabaki na ulinzi gani, kiti gani bungeni, magavana wa majimbo watachaguliwa au watateuliwa, na rais anaweza kumfuta nani na hawezi kumfuta nani. Mkienda kwenye kura na Katiba ya Mpito ya 2011 jinsi ilivyo, inayompa rais uwezo mkubwa wa kuwafuta hata magavana waliochaguliwa na wananchi, mnamwambia kila mgombea kwamba urais ndio kila kitu na vingine vyote ni mapambo. Mgombea akiambiwa hivyo atapigania urais kwa jino na ukucha. Kama hakuna muda wa katiba nzima, andikeni basi vifungu vichache vinavyomlinda anayeshindwa, mkubaliane navyo pande zote, na upande wa Dkt. Machar ukiwemo. Makubaliano ya kubadilisha mkataba ambayo mshirika wa pili mkubwa anayapinga ni barua ya upande mmoja.

Congo yenyewe iliteleza palepale ninaposemea. Bemba alipata asilimia 42 dhidi ya Kabila katika duru ya pili. Si haba! Lakini hapakuwa na mpango juu ya walinzi wake, mamia ya askari waliobaki naye mjini. Agosti 2006, matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa, Kinshasa ilipigana siku tatu. Machi 2007, ilipoamriwa walinzi wale wanyang'anywe silaha, mapigano yakarudi, mamia wakafa katikati ya jiji, na Bemba, ambaye tayari alikuwa seneta, akakimbilia ubalozi wa Afrika Kusini na kisha kuondoka nchini. Mwaka uleule wa uchaguzi, kule Kivu, Jenerali Nkunda aliunda kundi la waasi la CNDP. Uchaguzi wa 2006 ulisifiwa na waangalizi wengi, na ulistahili sifa hizo. Swali la walinzi wa mtu mmoja halikuwa kwenye ratiba ya uchaguzi.

Sisi pia tuna yetu. Eldoret haihitaji kufundishwa kilichofuata matokeo ya Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 walikufa Kenya nzima, na wengi walikufia huku kwetu Bonde la Ufa. Siandiki kama mwalimu.

Mfano ambao ningependa muutazame kwa makini zaidi uko kisiwani, nao ni Zanzibar. Januari 2001 polisi waliua waandamanaji huko, na watu wakavuka bahari kwa mashua kukimbilia Shimoni, pwani yetu ya kusini. Wazanzibari wakawa wakimbizi Kenya, jambo ambalo wengi wamelisahau. Miaka 9 baadaye, Julai 31, 2010, waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama kinachoshika nafasi ya pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Si kwa hisani ya mshindi, bali kwa kifungu. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa akishindwa na kulalamika tangu 1995, akaingia ofisini Novemba 2010, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao visiwa vile vilikuwa havijauona tangu vyama vingi virudi.

Najua mtanijibu nini. Mtasema: mbona Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima kabla hesabu haijamalizika? Ni kweli. CUF, chama cha Maalim Seif, wakasusia marudio ya Machi 2016 na umoja ukavunjika mpaka Desemba 2020. Kifungu kilimtengenezea nafasi aliyeshindwa, hakikumlinda anayeelekea kushinda. Lakini tazameni tofauti na kwenu. Kwenu kiti cha Makamu wa Kwanza kimeandikwa katika mkataba kwa ajili ya kundi fulani, hakitokani na kura, na aliyekikalia anaweza kutolewa humo kwa amri. Cha Zanzibar kinatafutwa kwa kura. Chama kinachojua kwamba nafasi ya pili ina thamani kitakuwa na sababu ya kuwapeleka watu wake vituoni badala ya kuwapeleka porini.

Hapa ndipo lazima niguse kesi ya Dkt. Machar, na najua itawaudhi. Machi 2025 vijana wa White Army, wanamgambo wa Kinuer, waliiteka kambi ya jeshi Nasir. Siku chache baadaye helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaokoa askari ilishambuliwa, na Jenerali Majur Dak akauawa pamoja na wengine. Walikuwa na familia, na familia hizo zina haki ya kupata majibu. Sisemi kesi ifutwe ili siasa iende. Ninachosema ni hiki: tangu Machi 26, 2025 Dkt. Machar, Makamu wa Kwanza wa Rais mpaka mlipomsimamisha Septemba 2025, yuko kizuizini, na tangu Septemba 22 mwaka huo anasimama kizimbani pale Freedom Hall kwa mauaji, uhaini na makosa dhidi ya ubinadamu, huku nchi ikiambiwa ijiandae kwa uchaguzi ambao yeye angekuwa mpinzani mkuu. Mkataba wa 2018 uliahidi mahakama mseto pamoja na Umoja wa Afrika kwa ajili ya makosa ya aina hii hasa. Miaka yote hii haijaundwa. Mngeiunda, ikamhoji yeye na ikawahoji wa upande wenu pia, hakuna ambaye angesema kesi hii ni mbinu ya kumwondoa mtu kwenye karatasi ya kura. Sasa wanasema, na hamna jibu.

Hamko peke yenu katika hili, nalisema kwa masikitiko. Tanzania ilipiga kura Oktoba 29, 2025 Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, intaneti ikazimwa na Dar es Salaam ikatangaziwa amri ya kutotoka nje. Uganda ilipiga kura Januari 15, 2026 Dkt. Kizza Besigye akiwa gerezani, naye kwa uhaini. Ukanda mzima sasa una tabia moja. Zamani mpinzani aliibiwa kura. Siku hizi anasomewa mashtaka mapema ili kura isihitaji kuibwa. Kwa hiyo ninapowapelekea nakala wakuu wengine wa Jumuiya, najua baadhi yao watasoma aya hii wakitazama pembeni.

Niende kwenye mambo ya vitendo, kwa sababu muda ni mfupi.

Daftari la wapiga kura ni la kwanza. Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliundwa upya Novemba 2023 chini ya Profesa Abednego Akok. Wapeni pesa, na mseme hadharani mmewapa kiasi gani na lini. Tangu bomba la mafuta lipasuke Februari 2024 kule Sudan, walimu na askari wenu wamekaa miezi mingi bila mshahara. Hilo tunalijua, hata sokoni Konyokonyo tunalisikia kwenye mauzo. Lakini nchi iliyouza mafuta tangu 2011 haiwezi kusema kila baada ya miaka 2 kwamba haina pesa ya karatasi na wino, na magari ya serikali yakaendelea kununuliwa.

Na katika daftari hilo msiwasahau walioko nje. Zaidi ya watu milioni 2 wenu ni wakimbizi katika nchi jirani, karibu nusu yao Uganda, na maelfu kwa maelfu wako hapa kwetu Kakuma. Jirani yangu mmoja, mama wa watu wa Bor, alipiga kura ya maoni ya Januari 2011 akiwa Kenya. Bado anaieleza ile karatasi kwa vidole: upande mmoja picha ya mikono miwili iliyoshikana, yaani muungano na Khartoum, upande mwingine kiganja kimoja kilichoinuliwa, yaani kujitenga, unachovya kidole kwenye wino, unabonyeza. Hakuhitaji kujua kusoma. Kura ile ilipigwa katika nchi nane za nje, hadi Australia na Canada, na asilimia 98.83 wakachagua kiganja. Kama iliwezekana kumtafuta Eldoret alipohitajika kuizaa nchi, kwa nini isiwezekane sasa anapotaka kuchagua wa kuitawala? Aliniuliza ataandikishwa wapi. Sikuwa na la kumjibu, nami nalileta kwenu swali lake kama lilivyo.

La matokeo nitalipitia haraka, maana Kenya tumelilipia gharama na mnaweza kulichukua bure. Kura zihesabiwe kituoni mbele ya mawakala, matokeo yaandikwe kwenye fomu, fomu ibandikwe mlangoni na kila wakala aondoke na nakala. Sisi tunaiita Fomu 34A, na kila mwananchi wa kawaida anaijua kwa jina. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, mtu yeyote akajumlisha mwenyewe. Watu waligombana, wakaenda Mahakama ya Juu, wakashindwa, wakarudi nyumbani. Nyumbani walikuta milango yao iko palepale.

Bunduki sasa. Mkataba uliahidi jeshi moja la watu 83,000. Kundi la kwanza lilihitimu Juba Agosti 30, 2022, wengi wakiwa wamefanyia mazoezi bunduki za mbao. Tukashangilia hata huku. Baada ya hapo wengi wao hawakupata vituo wala mishahara, na wapo waliorudi kwa makamanda wao wa zamani kwa sababu angalau huko wanakula. Hamtawaunganisha wote kufikia Desemba, tuseme ukweli. Basi angalau elezeni jambo dogo zaidi: kila mgombea wa urais atalindwa na nani, askari wangapi, kwa amri ya nani, na baada ya matokeo wataendelea kumlinda kwa muda gani. Swali hilo ndilo lililoichoma Kinshasa. Linajibika kwa karatasi mbili.

Na ile sheria ya Usalama wa Taifa mliyoiachia ikapita 2024, inayowaruhusu maofisa kumkamata mtu bila hati ya mahakama, ifuteni kabla kampeni hazijaanza. Mgombea wa udiwani hawezi kuzunguka vijijini akijua gari jeusi linaweza kumchukua na hakuna hakimu aliyetia sahihi.

Sasa nawageukia wakuu wa nakala. Nairobi, ninyi mlizaa mkataba wa amani wa Sudan wa 2005 kwa mikono ya Jenerali Sumbeiywo, na Mei 2024 mkamrudisha katika mazungumzo ya Tumaini ambayo yamebaki hewani. Yafufueni, na suala la anayeshindwa liwe juu ya meza. Kampala, mlituma wanajeshi Juba Machi 2025. Waelezeni Wasudan Kusini askari hao watafanya nini usiku wa matokeo, na kama watabaki kambini mseme hivyo leo. Dodoma, chama chenu kiliwaweka SPLM wote chumba kimoja Arusha na makundi matatu yakatia sahihi Januari 21, 2015. Sahihi zile zipo, na mliozishuhudia wengine mko hai. Wapigieni simu.

Kwenu Juba, ombi langu kwa mwaka huu ni moja. Kabla ya daftari kufunguliwa, wakuu wote wa vyama vitakavyosimamisha wagombea wa urais, na aliye kizuizini akiwa mmoja wao, waweke sahihi waraka mmoja wa wazi unaosema yule atakayekuwa wa pili atapata nini, atalindwa na nani na ataishi wapi. Usomwe kwenye SSBC saa ile ya amri za rais, kwa Kiingereza, Kiarabu cha Juba na lugha za majimbo yote 10. Kama waraka huo hauwezi kuandikwa kufikia hapo, mtuambie ni kifungu gani kimewashinda, na nani amekikataa.

Natanguliza shukrani.

Mfanyabiashara, Eldoret